Filamu ya "Weed" na Hadithi ya Kemikali Mbili: THC Mbaya, CBD Nzuri?

Agosti 2013 kituo cha CNN kilirusha filamu ya Dkt. Sanjay Gupta iitwayo "Weed". Gupta ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ambaye pia ni mwandishi wa habari za afya. Mwaka 2009 aliandika makala ya kupinga kuhalalishwa kwa bangi. Miaka minne baadaye akaomba radhi hadharani na kuja na filamu hii.

Kwa nini tuichambue leo, zaidi ya miaka kumi imepita? Kwa sababu bado inafanya kazi. Mtu akikuambia "mafuta ya CBD yanatibu kifafa", mchimbe kidogo. Utakuta ushahidi wake ni kipande cha video cha mtoto mmoja wa Marekani. Mtoto huyo alitoka humu.

Niseme mapema: filamu ni nzuri. Imetengenezwa kwa huruma, na jambo kubwa iliyolisema limethibitishwa baadaye. Shida yangu iko kwenye somo ambalo watazamaji wengi wametoka nalo: kwamba mmea wa bangi una kemikali mbili, moja shetani na nyingine malaika, na kazi yako ni kuchagua malaika. Mwili haufanyi kazi hivyo.

Filamu inaonyesha nini

Charlotte Figi alikuwa mtoto wa Colorado mwenye ugonjwa wa Dravet. Hiki ni kifafa kikali kinachoanza utotoni na ambacho dawa za kawaida mara nyingi hushindwa kukituliza. Alikuwa akipata mishtuko hadi 300 kwa wiki. Alishaacha kutembea na kuongea. Wazazi wake, baada ya kujaribu kila walichoambiwa na madaktari, walimpa mafuta ya bangi yenye CBD nyingi na THC kidogo sana. Mishtuko ikashuka hadi miwili au mitatu kwa mwezi.

Ukiitazama sehemu hiyo bila kuguswa, basi una moyo wa jiwe. Lakini hebu tuweke hisia pembeni kidogo tuiangalie kemia.

Kitambaa kimoja, mishono miwili

THC (tetrahidrokanabinoli) na CBD (kanabidioli) zina fomula ileile: atomu 21 za kaboni, 30 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Uzito wake ni uleule. Tofauti ni mpangilio. Kwenye THC, sehemu moja ya molekuli imejifunga na kuwa pete. Kwenye CBD sehemu hiyo imebaki wazi. Ni kama vipande viwili vya kitenge vyenye urefu sawa: fundi mmoja ameshona gauni, mwingine shati. Kitambaa ni kilekile ila huwezi kuvaa kimoja badala ya kingine.

Mshono huo ndio unaoamua kila kitu. Kwenye ubongo kuna vipokezi vinavyoitwa CB1. Vifikirie kama vitasa. Mwili una funguo zake wa asili, unaoitwa anandamidi, uliogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Raphael Mechoulam kule Jerusalem. THC inaingia kwenye kitasa hichohicho na kukifungua. Vitasa hivi vimejaa kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu, mwendo, hamu ya kula, maumivu na hisia ya muda. Ndiyo maana aliyevuta anasahau alichokisema dakika mbili zilizopita, anasikia njaa, na dakika tano kwake ni kama nusu saa.

Vitasa hivyo ni vichache sana kwenye shina la ubongo, sehemu inayoendesha upumuaji. Hii ndiyo sababu THC nyingi haimzimi mtu pumzi kama inavyofanya mofini. Lakini usiisome sentensi hiyo kama "bangi haina madhara". Tutafika huko.

CBD yenyewe haikifungui kitasa cha CB1. Hailewishi. Inagusa sehemu nyingine nyingi za mwili, na namna hasa inavyotuliza mishtuko ya kifafa bado wanasayansi wanaijadili.

Kosa la kwanza: shetani na malaika

Kama THC ni sumu tupu, kwa nini dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya tibakemikali? Ni molekuli ileile. Kilichobadilika ni dozi, mtumiaji na sababu.

Na kama CBD ni maji ya baraka, mbona ina madhara? Kwenye majaribio ya watoto wenye Dravet, waliopewa CBD walipata usingizi mwingi, kuharisha, kutapika na kukosa hamu ya kula. Baadhi yao vipimo vya ini vilipanda, hasa waliokuwa wanatumia valproeti, dawa ya kifafa inayojulikana sana hata huku kwetu. Tena CBD inazuia kimeng'enya cha ini kinachoondoa mabaki ya dawa nyingine ya kifafa, klobazamu. Mabaki hayo bado yana nguvu ya dawa. Yakijazana, mtoto analala mpaka mzazi anaogopa. Kitu kinachoweza kupandisha dawa nyingine mwilini hakiitwi lishe. Ni dawa, na dawa huhitaji daktari anayejua umemeza nini kingine.

Njia ya kuingiza nayo inabadilisha hadithi. Moshi unaipeleka THC kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Ukiila kwenye keki, inapita kwanza kwenye ini, ambako sehemu yake inageuzwa kuwa kemikali nyingine inayolewesha pia. Inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla hujasikia chochote. Mtu anasema "mbona hainishiki", anaongeza kipande cha pili, kisha vyote viwili vinamfikia kwa pamoja.

Halafu kuna nguvu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet Psychiatry, uliofanyika miji kadhaa ya Ulaya na mmoja wa Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya 10% au zaidi walikuwa na uwezekano wa kuugua saikosisi karibu mara tano ya wasiowahi kutumia. Huo ni uhusiano, hauthibitishi peke yake kwamba bangi ndiyo iliyosababisha kila mgonjwa. Ila ukubwa wake hauruhusu mtu kuupuuza. Kwa haki, Gupta mwenyewe aliandika wakati huo kwamba ana wasiwasi na ubongo wa vijana ambao bado unakua. Watazamaji wengi hawakuondoka na sentensi hiyo. Waliondoka na Charlotte.

Kosa la pili: mtoto mmoja

Hapa ndipo filamu inaponisumbua zaidi. Mtoto mmoja aliyepona anatuambia nini? Anatuambia kuna kitu cha kuchunguza. Hatuambii kwamba jibu limepatikana.

Baada ya filamu, familia nyingi zilihamia Colorado kutafuta mafuta hayo. Mwaka 2015 madaktari wa huko walichapisha taarifa za watoto 75 waliokuwa wakiyatumia. Walipowauliza wazazi kama mishtuko imepungua kwa zaidi ya nusu, 47% ya wazazi waliohamia Colorado kwa ajili ya mafuta walisema ndiyo. Kwa wazazi waliokuwa wenyeji wa pale, waliosema ndiyo ni 22%. Mafuta hayajui umetoka wapi. Lakini mzazi aliyeacha kazi na kuuza nyumba anaangalia kwa jicho lenye matumaini makubwa zaidi. Hadanganyi, ndivyo binadamu tulivyo.

Ndiyo maana tunahitaji majaribio ambayo mzazi na daktari wote hawajui nani amepewa dawa na nani amepewa kimiminika kisicho na dawa. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2017: wagonjwa 120 wenye Dravet, watoto na vijana. Kundi la CBD, kiwango cha kati cha mishtuko mikali kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9 kwa mwezi. Kundi lingine kilitoka 14.9 hadi 14.1. Kwa hiyo CBD inafanya kazi, na Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya CBD iliyosafishwa, Epidiolex.

Sasa soma namba nyingine ya jaribio hilohilo. Waliopungukiwa mishtuko kwa nusu au zaidi walikuwa 43% kwa CBD, na 27% kwa wale waliopewa kimiminika kitupu. Yaani zaidi ya mmoja kati ya wanne walipata nafuu kubwa bila dawa yoyote mpya. Ukimpiga video mmoja wao, utapata filamu inayoliza watu. Waliomaliza mishtuko kabisa kwa CBD walikuwa 5%.

Kosa la tatu: chupa

Filamu inatuonyesha mafuta, haituonyeshi maabara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo zilikuwa 31% tu. Bidhaa 18 zilikuwa na THC ndani.

Na piga hesabu. Dozi ya jaribio ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 300 kila siku. Ukiona chupa imeandikwa miligramu 300, hiyo ni siku moja. Anayempa matone mawili asubuhi hampi kile kilichojaribiwa. Anampa matumaini kwa bei ya dawa.

Itazame, lakini

Charlotte alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 13. Familia yake iliufungua mlango ambao sayansi ilikuwa imeuacha umefungwa kwa miaka mingi, na filamu inastahili sifa kwa kuuonyesha. Lakini kufungua mlango ni kazi moja, kujua kilichomo chumbani ni nyingine.

Kwa hiyo itazame, ukiwa na maswali manne: kemikali gani, dozi gani, imeingiaje mwilini, na ni ya nani? Na kama una mtoto mwenye kifafa, naomba ulishike hili moja hata ukisahau mengine yote: usimwachishe dawa zake ghafla ili umwanzishie mafuta. Kukatisha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko isiyokoma, na hiyo inaua. Nenda na swali lako kliniki. Daktari hatakushangaa kwa kuuliza.