Kitabu Kinachochechemea

Mwaka wa 8 baada ya Kristo, Kaisari Augusto alimfukuza mshairi Ovid kutoka Roma na kumpeleka Tomis, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, ambao leo ni Constanța nchini Romania. Mshairi alikuwa na miaka hamsini. Hakunyang'anywa mali wala uraia. Alichokosa ni mke, marafiki na masikio yaliyokizoea Kilatini chake. Mwenyewe alitaja sababu mbili: shairi na kosa. Shairi ni Ars Amatoria, la kufundisha mapenzi, ambalo watu walikuwa wamelisoma miaka mingi bila yeye kuadhibiwa. Kosa hakulitaja, alidokeza tu kuwa aliona jambo ambalo hakupaswa kuliona.

Huko ugenini alitunga Tristia, vitabu vitano, na nyaraka za kishairi kutoka Ponto, yaani pwani hiyo ya Bahari Nyeusi, vitabu vinne. Jumla ni mishororo zaidi ya 6,000. Ndani yake analia kwamba kipaji chake kimeingia kutu, na kwamba Kilatini kinampotea kwa kuishi na watu wasiokijua. Wasomaji wengi wa zamani walimsadiki, wakaziweka tungo hizi nyuma ya kazi zake za Roma. Mimi simsadiki, maana mishororo yenyewe inamkana.

Ushairi wa Kilatini wa zama zile haukutegemea vina. Wala mizani yake si ya kuhesabu nane kwa nane kama yetu. Fundi hupanga silabi ndefu na fupi katika vipande ambavyo Warumi waliviita miguu. Elejia, mtindo wa tungo hizi za Ovid, huenda kwa mishororo miwili miwili. Wa kwanza una miguu sita, unatembea wima. Wa pili umepunguzwa: unakatika katikati, na kila nusu ina miguu miwili na kipande. Sauti inapanda, kisha inaanguka kabla ya kufika. Ujanani Ovid aliutumia mwendo huu kwa mambo ya mapenzi. Huko Tomis ukapata kazi nzito zaidi, na ukiutafuta mshororo ulioharibika kwa sababu ya huzuni, utachoka kutafuta. Huu ndio ufundi ninaousifu. Nasi tunao mfano karibu: Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani nchini Kenya, kati ya 1969 na 1972, akiishika arudhi barabara.

Tazama Ovid anavyosimulia baridi ya Tomis. Divai imeganda, mtungi ukiondolewa, divai inabaki imesimama na umbo la mtungi, na watu wanagawiwa mapande badala ya kumiminiwa. Wataalamu husema alitia chumvi, na habari nyingine alizitoa vitabuni. Huenda. Lakini mtu aliyepoteza mtungi uliokuwa ukimshika, kisha akabaki na umbo lake, alijua anachokisema.

Kilele, kwangu, ni shairi la kwanza la kitabu cha tatu cha Tristia. Hapo anayesema si Ovid. Ni kitabu chenyewe, kimefika Roma peke yake kwa niaba ya bwana wake asiyeweza kurudi. Hakijapambwa kwa rangi wala kulainishwa kingo, na kina madoa ya machozi. Kinaomba radhi kwa kuchechemea: pengine ni mizani yake, pengine ni urefu wa safari. Mizaha ya fundi ndani ya msiba! Kanuni kavu ya arudhi imegeuka kuwa miguu ya msafiri aliyechoka. Kinawauliza wapita njia mahali pa kulala, na anayejitokeza kukiongoza ni mmoja tu. Kinapanda hadi maktaba ya hekalu la Apollo, kinawatafuta ndugu zake, vitabu vingine vya Ovid, na mlinzi anakiamuru kitoke. Kinajaribu maktaba nyingine, nako hakipokelewi. Mwisho kinawaomba watu wa kawaida wakipokee mikononi mwao.

Ovid alifia Tomis, mwaka wa 17 au 18. Desemba 2017 Baraza la Jiji la Roma lilipiga kura kuifuta adhabu yake. Ukiipata tafsiri ya Tristia, katika lugha yoyote unayoimudu, anza na shairi hilo, nawe ulisome kwa sauti.