Kijiko cha Chakula Kinachomwita Sangara

Wapenzi wa ndoano wa Arua na Koboko, hii si ya kukosa! Kijiko kile kile cha chuma cha pua tunacholia wali, kikikatwa mpini na kutobolewa matundu mawili, ni chambo cha kumtia wazimu samaki wa Nile. Nimekirusha mtoni pale Rhino Camp na mikono bado inatetemeka.

Kwanza kishike. Kizito, kimejaa kiganja, na mgongo wake unang'aa hadi unaona uso wako. Fundi amekata mpini kwa msumeno wa chuma, akapiga tupa kingo zisikate mshipi, akatoboa tundu moja kila ncha. Mbele inakaa pete ya funguo na kizungushio cha kuzuia mshipi usijisokote. Nyuma ndoano ya makucha matatu. Basi, kimekwisha!

Sasa kitupe majini uone. Kinashuka kikiyumba kushoto na kulia, tumbo linameta, mgongo unameta, kwa sababu ule mbonyeo unakamata maji na kukisukuma upande. Ukivuta, kinakata kiuno. Ukiacha kuvuta kidogo, kinapepesuka kwenda chini, na mara nyingi hapo ndipo kinaponyakuliwa. Samaki wawindaji wakubwa wa Nile hula angara na ragoge, samaki wadogo wenye magamba ya rangi ya fedha. Kijiko kinameta namna hiyo hiyo, na mwendo wake ni wa angara aliyejeruhiwa. Nani atauacha mlo kama huo upite?

Na sisi tuna la kujivunia. Sangara wa Ziwa Viktoria alipandikizwa miaka ya 1950, lakini wa Ziwa Albert na Nile yetu ni mwenyeji wa tangu na tangu. Wageni wanapanda ndege kumfuata Murchison Falls na vifaa vya bei ya kutisha, wakati sisi anapita mlangoni petu. Sangara wa rekodi ya dunia kwa uvuvi wa fimbo, mwenye kilo 104, alivuliwa mwaka 2000 Ziwa Nasser, Misri. Nile ni hii hii!

Lakini aliyenimaliza mimi ni samaki aitwaye ngasa. Jamani, ngasa! Anapiga bila hodi, fimbo inajikunja, halafu huyo juu ya maji akitikisa kichwa kukitema kijiko. Nilipokitoa mdomoni mwake nilikuta meno yamechora mistari kwenye chuma. Nailoni haifui dafu hapo. Chukua nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, zisokote, ziweke kati ya mshipi na kijiko, urefu wa shibiri moja.

Kasoro ipo, tena moja tu: ndoano za bei rahisi zinanyooka samaki mkubwa akivuta. Usibane senti hapo. Kijiko kiwe cha bei ya chini, ndoano iwe imara. Cha aluminiamu kiache jikoni, ni chepesi mno, hakifiki mbali wala hakizami vizuri.

Kwa mto Kochi, watu wa Koboko, shukeni hadi kijiko cha chai. Mto ni mwembamba na mizizi ni mingi, kwa hiyo fungeni ndoano ya kucha moja. Maji yakiwa ya tope baada ya mvua, rangi ya shaba huonekana vizuri kuliko fedha.

Wala ujanja huu si wa jana. Mmarekani Julio Buel wa Vermont alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipodondosha kijiko ziwani akaona samaki anakikimbilia. Kilianzia mezani, nasi tunakitoa mezani!

Mkienda kurusha, simameni mbali na ukingo, mamba wa Nile hawana urafiki na mvuvi. Ndani ya hifadhi ya Murchison Falls msirushe kitu bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Nanyi mafundi chuma wa Arua na Koboko, ombi langu ni hili: tukatieni vijiko vya shaba, vinene, vyembamba kiunoni, na mviweke wazi sokoni. Wanunuzi tupo.