Pongezi kwa Mafundi wa Misalaba ya Shaba

Kabla Banque du Congo Belge haijaanzishwa mwaka 1909, na kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijajenga mji wa Kolwezi mwaka 1937, nchi ya shaba ya Katanga, huko Kongo, ilikuwa na fedha yake: misalaba ya shaba. Pongezi ziwaendee mafundi walioitengeneza.

Kiangazi walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavuta mivukuto mpaka madini yakayeyuka, kisha wakayamimina katika kalibu yenye umbo la msalaba.

Katika makaburi ya kale ya Sanga, bondeni mwa mto Lualaba, wanaakiolojia waliikuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na wafu. Karne zilivyopita ikawa midogo na yenye kulingana, dalili kwamba watu waliihesabu kama fedha. Mwaka 1961 Katanga iliyojitenga na Kongo ilichora msalaba huo kwenye sarafu zake.

Benki zilizojengwa baadaye ziliukuta uchumi uliokwisha kusimama. Shule za jimbo la Lualaba ziwafundishe watoto kwamba ujuzi wa shaba haukuletwa na kampuni. Ulikuwa wa wazee wao.