Askari ni Nani? Uhakiki wa Orodha Moja ya Msamiati

Jioni moja mwandishi wa makala haya alialikwa kuketi nyuma ya darasa la Kiingereza huko Kariakoo, katika chumba cha ghorofani kisicho mbali na Mtaa wa Msimbazi. Wanafunzi walikuwa wauzaji wa vitambaa, makarani wawili na wakala wa forodha. Mwalimu hakutumia kitabu. Aligawa karatasi yenye habari ya Kiingereza kuhusu kupelekwa kwa wanajeshi katika miji ya Kenya mwezi wa Juni 2024, na chini yake orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake kwa Kiswahili.

Ni haki kukiri kwanza kwamba njia hiyo ina faida. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefunga duka tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, jioni akasikia kwamba kuanzia saa 12 asionekane nje, hahitaji kubembelezwa ili asome habari za aina hii. Neno alilokwisha kuliishi halimtoki kichwani upesi. Kwa hiyo lawama zetu haziielekei njia yenyewe. Zauelekea upande wa kulia wa karatasi ile, yaani upande wa Kiswahili.

Neno la kwanza lilikuwa "troops", nalo likafasiriwa "askari". Katika Kiswahili cha Tanzania askari ni mlinzi wa lango la ghala, ni trafiki wa barabarani, ni askari magereza, ni askari wa wanyamapori, ni mgambo awafukuzaye wamachinga, na pia ni mwanajeshi. Mwenye duka akisema "askari wamepita hapa", hatuna njia ya kujua ni yupi aliyepita. Habari ile ya Kiingereza haikuwa na utata huo. Ilikuwa habari kwa sababu moja tu: waliotoka makambini safari hii hawakuwa polisi. Mwanafunzi aliyepewa neno "askari" ameisoma habari nzima pasipo kuipata.

Hata hivyo, tusimbebeshe mwalimu mzigo wote. Sisi wa maofisini tumechangia. Tunalo Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Kujenga Taifa, na tunalo Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Taarifa isemayo "jeshi limechukua hatua" yaweza kutolewa na yeyote kati yao, na mfasiri aliye na haraka ataandika kwa Kiingereza kwamba wanajeshi wameingia mitaani, kumbe ni polisi. Kosa hilo si dogo. Limo katika tofauti kati ya nchi inayolindwa kwa utaratibu wa kawaida na nchi iliyofika mahali pengine.

Historia ya mji huu yatosha kuwa ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo twaiita Lugalo, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mjini maduka yakaporwa, watu wakafa. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kutoka manowari Centaur, wakawanyang'anya waasi silaha. Sasa mwandishi akisema "askari walifanya fujo, kisha askari wakaja kuzituliza", amesema kweli tupu wala hakuna atakayemwelewa. Hapo pana maasi, ambayo hufanywa na aliyekula kiapo cha utii; pana uporaji, uliofanywa na watu wa mitaani ambao hawakuwa na kiapo cha kuvunja; na pana jeshi la kigeni lililoitwa na serikali. Lugha yetu inayo maneno yote hayo tangu zamani. Tarehe 1 Septemba mwaka uleule likaundwa jeshi jipya, na yafaa tukumbuke kwamba jina lake la Kiingereza lina neno la ulinzi, lakini la Kiswahili halina. La Kiswahili lataja wananchi tu.

Neno "deploy" lilipewa maana ya "kutawanya". Mtu aweza kuitetea tafsiri hiyo, kwani asili ya neno la Kiingereza ni kukunjua kitu kilichokunjwa. Lakini kutawanya ndilo neno tulitumialo kila siku kwa kuwaondoa watu mahali walipokusanyika. Mnamo Oktoba 2012, wanajeshi walipoonekana Kariakoo pamoja na polisi, kichwa cha habari kisemacho "Askari watawanywa Kariakoo" kingeweza kumaanisha kwamba wameletwa au kwamba wametimuliwa. Magazeti mengine hupenda "kumwaga askari". Neno hilo lina nguvu, lakini maji yakimwagwa hayazoleki, na askari sharti wazoleke. Mwandishi huyu angependelea "kupeleka" pale wanapotoka mbali, na "kuweka" pale wanapokwisha kushika nafasi zao. Twakiri kwamba hayo ni maneno mawili mahali pa moja.

Tukifika "unrest" shauri lazidi kuwa zito. Orodha ilisema "fujo". Fujo hufanywa na mtoto mtundu na mlevi wa kilabuni. Neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu, nalo mara moja latafuta mfanya fujo wa kukamatwa. Neno la Kiingereza halimtaji mtenda. Lasema tu kwamba hali haikutulia, na sababu yaweza kuwa ya mtawala au ya mtawaliwa. "Machafuko" yakaribia zaidi. "Ghasia" tuiache kwa lile tendo la kundi lenye nguvu za vurugu, maana ndivyo kikosi cha polisi cha FFU kinavyojiita, Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Wala maandamano si ghasia mpaka yageuke.

Atakayedhani kwamba hizi ni hila za wataalamu wa istilahi na aitazame Kenya yenyewe. Katiba yao ya 2010, ibara ya 241, yatenganisha mambo mawili. Majeshi ya ulinzi yakisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, Bunge la Taifa hupewa taarifa. Yakipelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko, sharti Bunge liidhinishe. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, Waziri wa Ulinzi alitoa tangazo katika gazeti rasmi akitumia kifungu cha dharura. Wabunge waliidhinisha kesho yake, baada ya tangazo. Wanasheria wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaiagiza serikali ieleze mipaka na muda wa kazi hiyo. Ubishi wote huo ulikaa juu ya maneno mawili, nayo yote mawili yalikuwamo katika karatasi ya Kariakoo, yamepangwa kama vitunguu na nyanya.

Tena "emergency" iliandikwa "dharura" pasipo maelezo. Kwa gari la wagonjwa yatosha. Lakini Katiba yetu, ibara ya 32, husema "hali ya hatari", na karani atakayetafuta dharura humo atatoka mikono mitupu.

Kicheko cha jioni hiyo kilikuwa cha "restore order". Muuza vitambaa mmoja alifasiri "kurudisha amri", kama karani arudishaye barua kwa bosi wake. Mwalimu alimsahihisha kwa kuandika "kurudisha amani", wenzake wakanakili. Kwa hakika kilichotajwa ni utaratibu. Mitaa yaweza kuwa na utaratibu, maduka yamefungwa na watu wamejifungia ndani, na amani isiwepo.

Baada ya darasa mwalimu aliniuliza, "Ndugu, basi niandike nini kwa 'curfew'? Wiki ijayo ndilo somo." Nilimwambia aandike "amri ya kutotoka nje", na pembeni aeleze kwamba Wakenya husema kafyu. Alinakili, kisha akafuta "askari" ubaoni na kuandika "wanajeshi". Wakala wa forodha, aliyekuwa bado anafunga daftari lake, alilifungua tena.