Mlima Mmoja, Riwaya Mbili za Kiingereza: Usomaji kutoka Holili

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, mjadala nchini umetawaliwa na swali la umiliki: je, mwandishi huyu ni wetu au ni wa Waingereza? Sehemu hii inauliza swali jingine: Kilimanjaro inaonekanaje katika riwaya za Uingereza za sasa zinazopita chini yake? Riwaya zilizoteuliwa ni An Ice-Cream War (1982) ya William Boyd na Paradise (1994) ya Gurnah. Zote mbili ziliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Waandishi wote wawili walizaliwa Afrika, Boyd Accra na Gurnah Zanzibar. Hivyo mahali pa kuzaliwa peke yake hapatoshi kuwatenganisha.

Kutoka Holili, wilayani Rombo, Taveta iko ng'ambo tu ya mpaka. Mstari huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. (Hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Kaisari haisimami: mjukuu huyo alitawazwa mwaka 1888.) Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka na kuitwaa Taveta. Boyd anaufanya mpaka huu kuwa ugomvi wa majirani. Temple Smith, Mmarekani mwenye shamba la mkonge, ananyang'anywa mashine yake ya kuchakata, ile ambayo wafanyakazi wa mkonge huiita korona, na jirani yake von Bishop. Tangu hapo vita vyote kwake ni kuitafuta mashine. Kejeli hii ina nguvu. Inawavua maofisa utukufu wao na kuonyesha upuuzi wa kupigania ardhi ya watu wengine. Hata hivyo, usimulizi unapita katika akili za Wazungu peke yao. Wapagazi, waliobeba vita hivyo kichwani na ambao kikosi chao kiliacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, wanabaki kuwa mandhari. Korona ina historia ndefu kuliko wao.

Katika Paradise kinachochukuliwa ni mtoto. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na sehemu ya utumwa wake anaimalizia katika mji ulio chini ya mlima wenye theluji, nyumbani kwa Hamid. Gurnah anaishia karibu na pale Boyd anapoanzia: askari wa Kijerumani wanakamata wapagazi, vita vinanukia, na Yusuf anawakimbilia askari hao hao. Hapa mpagazi ana jina, ana mama, ana ndoto mbaya.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Gurnah anasahihisha kosa la Boyd. Mtafiti hakubaliani na hitimisho hilo moja kwa moja. Mlima wa Paradise unatazamwa kutoka pwani. Wafanyabiashara wanawaita watu wa bara washenzi, na ingawa mwandishi anawakejeli wanaotamka hivyo, hamruhusu mwenyeji wa miteremko azungumze kwa kirefu. Msomaji wa Kiingereza hulipita neno hilo kama kionjo cha ugeni. Msomaji wa Rombo hulisikia kama tusi aliloelekezewa babu yake. Tofauti hii haiwezi kujitokeza katika darasa linaloisoma riwaya kwa Kiingereza pekee, na ndiyo sababu tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi (Mkuki na Nyota, 2022), inastahili kusomwa sambamba na matini asilia, isichukuliwe kuwa msaada kwa wasiojua Kiingereza.

Gurnah mwenyewe ameligusa jambo hili kwa mzaha. Kalasinga, fundi ambaye jina lake ni neno letu la kumwita Singasinga yeyote, anatangaza chini ya mlima huo kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Rafiki zake Waislamu wanamcheka. Yeye anashikilia kwamba wakiielewa, huenda wakaacha kuabudu na kutafuta jambo bora zaidi la kufanya.