Kilwa Ipi? Kuhusu Programu za Kupanga Safari

Wanafunzi kadhaa wametuuliza ni programu ipi ya kupanga safari, kati ya hizi zinazotumia akili mnemba (wenzetu wa Kenya husema akili unde), inayofaa kuwekwa kwenye simu. Majina ya biashara tunayaacha. Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa lugha anacho kipimo chake mwenyewe, na mahali pazuri pa kukipatia ni Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru.

Iandikie programu hivi: “Niko Nchelenge, nataka kwenda Kilwa.” Sentensi ni sanifu, lakini haijatosheleza. Kipo kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa hilo hilo, nacho ni cha Zambia. Upo mji wa Kilwa ng’ambo ya magharibi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwenda huko ni kuvuka mpaka wa nchi. Tena ipo Kilwa ya Tanzania, ile ambayo magofu yake ya Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mbali kabisa, kwenye Bahari ya Hindi. Kwa kuwa hii ya mwisho ndiyo iliyoandikwa zaidi, programu iliyojifunza kutokana na wingi wa maandishi huelekea kuvutwa huko. Programu nzuri itauliza: Kilwa ipi? Ile inayotoa papo hapo ratiba ndefu ya kupendeza hatuikubali, hata kama Kiswahili chake ni fasaha.

Na ufasaha wenyewe una walakini. “Chukua boti saa 8 asubuhi” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Boti hupandwa (ingawa “chukua teksi” imeshaingia mitaani), na saa nane asubuhi haimo katika hesabu yetu. Msafiri akidhani imekusudiwa saa nane mchana, atakuta chombo kiliondoka tangu saa mbili asubuhi. Aidha, saa za Zambia ziko nyuma ya saa za Dar es Salaam kwa saa moja. Isitoshe, Nchelenge ni kwa Kibemba. Kiswahili ni cha ng’ambo ya Kongo zaidi, hivyo maamkizi ambayo programu inamfundisha mgeni nayo yakaguliwe.

Tunashauri basi programu ijaribiwe kwa jina hilo la Kilwa na kwa saa kabla ya kulipiwa. Saa ya kuondoka tungewauliza wenye boti hata hivyo, siku moja kabla.