Nyuzi 480 za Nini kwa Sistimu Chaji?

Mmeiona wote ile video ya fundi anayetoa sistimu chaji ya taipu C kwa blowa ya 858D, maana imezunguka kwenye simu za mafundi tangu Kariakoo hadi Luthuli. Nataka tuirudie pale lehemu ilipogoma. Mashine inasoma 350, upepo uko katikati, amepuliza vya kutosha na sistimu haichezi. Hapo anabonyeza kitufe mpaka namba zikafika 480, anapunguza upepo, anasogeza nozo hadi karibu iguse chuma. Uamuzi huo ulikuwa mbaya kabisa, na maafa yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Nyuzi hazikuwa pungufu. Lehemu ya bati, fedha na shaba, ambayo viwanda vingi viliihamia Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Hewa ya 350 inaipita mbali. Shida ilikuwa kwenye ile miguu minne ya ganda, iliyopenya bodi na kushikana na shaba ya graundi. Shaba hiyo hulinyonya joto na kulitawanya bodi nzima, kwa hiyo unahitaji joto jingi zaidi lifike kwa wakati mmoja, na kinacholibeba ni upepo. Sasa mtu anapunguza upepo halafu anapandisha namba! Tena kihisio cha 858D kimo ndani ya mpini, kinapima hewa iliyo jirani na hita. Namba ile kwenye kioo haijui lolote kuhusu bodi yako.

Rudisheni video nyuma mtazame upande wa kulia wa sistimu. Kijani cha bodi kinageuka kahawia, kapasita mbili za 0402 zinahama mahali pake, ulimi wa plastiki unalegea. Zile ambazo hazikuhama nazo siziamini, kwa sababu kapasita ya kauri ikipashwa ghafla hivyo huweza kupasuka kwa ndani, macho yasione, ikaja kuleta shoti baadaye. Kisha akachomeka kibanio chini ya ganda akakwanyua, na mguu mmoja ulikuwa haujayeyuka. Ukatoka na pete yake ya shaba. Bodi nyingi za epoksi na nyuzi za kioo huanza kulainika kati ya nyuzi 130 na 170, na shaba haishiki tena kama ilivyoshika ikiwa baridi. Ukikwanyua saa hiyo, pedi inakufuata.

Dawa ilikuwa mezani pake, inaonekana kabisa: koili ya lehemu ya 63/37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183. Angepaka flaksi, akaiyeyusha kwa chuma cha kulehemu kwenye miguu yote minne ichanganyike na ile ya kiwandani, mchanganyiko ungeyeyuka mapema zaidi. Angevua nozo nyembamba, akavaa pana, akafungua upepo, akaanza kwa kuipasha bodi taratibu upande wa chini kabla ya kugeukia miguu. Asingehitaji kufika hata 400.

Nimpe haki yake: pedi alizisafisha vizuri, na jampa aliyounga baada ya pete ile kung'oka imenyooka.

Hii habari ya nozo nyembamba nimeisema mpaka nimechoka. Ina kazi yake, kwenye kapasita moja iliyobanwa na wenzake. Ganda la chuma linataka nozo pana. Na muuzaji anayeisifia mashine kwamba inafika nyuzi 500 anawapotosha vijana, kwa maana hakuna kitu kwenye simu kinachozihitaji.

Wapo walioilaumu 858D kwa sababu ni ya bei nafuu. Nawakatalia. Ina wati 700 hivi na feni yake imo mpinini, wakati Quick 861DW ina wati 1,000 na upepo mzito, hivyo kwenye bodi nene ile kubwa itakusaidia zaidi. Kwa bodi ndogo ya sistimu chaji, 858D inatosha. Lawama yake ya haki iko kwenye nyaya: baadhi ya kopi huja na swichi inayokata nyutro badala ya laivu, au arthi isiyofika kwenye chasisi. Ifungue uikague kabla ya kuichomeka.

Mafundi wa enzi za Nokia 3310 wasingefanya kosa hili. Mashine za muundo wa Hakko 850 walizokuwa nazo zilikuwa na vitasa viwili, joto na hewa, bila namba ya kukimbiza. Macho yao yalikuwa kwenye lehemu. Walisubiri ing'ae, wakakigusa kipande kwa ncha ya kibanio, kikisogea na kurudi chenyewe ndipo wakainua. Nani anawafundisha vijana mguso huo leo?

Mwishoni fundi wetu anachomeka chaja, alama ya betri inatokea, na watu wanashangilia. Lakini milimita chache kutoka kwenye sistimu kuna maiki, kile kisanduku cha bati chenye tundu dogo, na ndani yake utando mwembamba wa silikoni. Hakuifunika kwa tepu ya Kapton wala kwa foili. Imepulizwa nyuzi 480 muda wote ule, flaksi ikichemka pembeni yake. Chaji aliipima. Kupiga simu ajue kama anasikika upande wa pili, hakupiga.